Malisho yamekwisha kabla ya mvua: dalili, chanzo, na pa kuanzia

Mfugaji akisema malisho yamekwisha, jibu analopewa na wengi, hasa wale wa ofisini, ni moja tu: punguza mifugo. Mara nyingine ni kweli, na nitafika kwenye hesabu yake. Lakini idadi isiwe swali la kwanza. Ng'ombe 200 wanaweza kuliua eneo na ng'ombe 200 hao hao wanaweza kulitunza, kutegemea wanakula wapi, wanachagua nini, na baada ya muda gani wanarudi kung'ata shina lile lile. Hayo huyaoni ukiwa umekaa kwenye kiti bomani. Fuata kundi siku nzima, tangu zizi linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Zungumza na layoni, yule kijana wa Kimaasai anayechunga, maana mara nyingi anajua habari za nyasi kuliko mwenye mali.

Kabla ya dalili zenyewe, jua midomo. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Anazungusha ulimi kwenye fungu la nyasi, analibana kwenye ufizi, kisha anavuta na kukata. Nyasi zikishuka chini ya vidole vitatu hivi, ulimi haupati cha kushika. Kondoo ana mdomo wa juu uliopasuka katikati, kwa hiyo anafika karibu kabisa na udongo. Punda ana meno juu na chini, naye hukata chini sana. Mbuzi hupenda zaidi majani ya miti na vichaka, na husimama kwa miguu ya nyuma kuyafuata. Ngamia hufika mpaka kama mita 3. Basi ukikuta nyasi zimenyolewa mpaka kwenye shina, ng'ombe hakuifanya kazi hiyo peke yake. Uliza kondoo na punda wanalala wapi.

Karibu na maji ni vumbi tupu, mbele kidogo nyasi zinafika magotini

Haya ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote, Longido, Simanjiro, Kiteto, hata ng'ambo ya mpaka huko Kajiado, Kenya. Watu wanalia malisho yamekwisha ilhali sehemu kubwa haijaguswa.

Chanzo cha kwanza ni maji. Kundi linalonywa kila siku lazima lirudi kila siku, kwa hiyo linazunguka pale pale. Chora duara kwenye mchanga: kilomita 5 kutoka kwenye lambo unapata kama hekta 7,850. Nenda kilomita 10, unapata hekta 31,400. Umbali umekuwa mara mbili, malisho yamekuwa mara nne. Ndiyo maana Wamaasai na Waborana wakati wa kiangazi hunywesha ng'ombe wakubwa siku moja na kuruka siku moja, wakati mwingine hata mbili: leo maji, kesho malisho ya mbali. Ng'ombe wa kienyeji, zebu na Boran, wanavumilia. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa hawavumilii, na majike wanaonyonyesha usiwajaribu. Wao na ndama wabaki karibu na nyumbani.

Hapa ndipo miradi mingi ya maji huharibu. Lambo jipya linachimbwa katikati ya malisho ya kiangazi kwa nia njema kabisa. Mwaka wa kwanza kila mtu anafurahi. Halafu watu wanajenga karibu na maji, mifugo inakula pale tangu masika, na kiangazi kikifika hakuna tena malisho ya kiangazi. Kama kuna nafasi ya kuchagua, kisima chenye pampu kina faida ambayo lambo halina: kinafungwa. Kifunge mvua zikianza, kundi litafuata madimbwi huko nje na kuyaacha malisho ya kisimani yapumzike.

Ikiwa maji si tatizo na bado nyasi za mbali haziliwi, kuna jambo linalowazuia watu, na mara nyingi wana haki. Huenda kuna ndorobo (mbung'o) kwenye vichaka vya upande ule. Huenda ni fisi, wizi wa mifugo, au shamba jipya lililoziba njia na kila mara mifugo ikipita panazuka ugomvi. Huenda ni ugonjwa wa nyumbu. Nyumbu wakizaa, kwenye Februari hivi, ndama wao hueneza virusi ambavyo haviwaumizi wao lakini huua ng'ombe. Mfugaji anayeukimbia uwanda wa Simanjiro au tambarare za Ndutu wakati huo, pamoja na nyasi zake fupi na tamu, hajashindwa kupanga. Amepanga vizuri.

Sababu nyingine haisemwi sana: saa. Ng'ombe anahitaji saa 8 hadi 10 za kula kwa siku, na karibu muda kama huo wa kucheua. Kundi linalofunguliwa saa 3 asubuhi na kurudi saa 11 jioni lina saa 8 tu nje. Toa mwendo, toa foleni ya birika, toa kivuli cha adhuhuri. Zimebaki saa 4 au 5. Kundi hilo litakula la karibu kila siku, liwe zuri au baya, kwa kuwa halina muda wa kufika mbali. Watoto wako shuleni, na ni sawa wawe huko, lakini basi mtu mzima alipwe vizuri afungue zizi alfajiri. Mahali penye usalama, kuchunga usiku kwenye mbalamwezi kunarudisha saa nyingi zilizopotea kwenye jua.

Ujanja mmoja mdogo: usiweke chumvi kwenye maji. Iweke kilomita moja au mbili upande ule ambao nyasi hazijaguswa.

Nyasi zipo, ndefu, lakini ng'ombe wanakonda

Angalia kinyesi kabla ya kuangalia mbavu. Kinyesi cha ng'ombe anayekula vizuri hutandika chini, kina shimo dogo katikati. Kikiwa kigumu, kimepangana juu kwa juu kama sahani, ukikivunja ndani kuna nyuzi ndefu za nyasi, basi chakula hakina protini ya kutosha. Nyasi ikishakomaa na kukauka, protini yake hushuka, na ikiwa chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyuzi vinakosa chakula chao. Usagaji unapungua, tumbo linabaki limejaa, na ng'ombe anaacha kula akiwa na njaa. Unamwona amesimama kwenye nyasi za kumfika kifuani, lakini hali chochote. Haringi. Tumbo halina nafasi.

Kumwongezea mabua kwa wakati huo ni bure. Anachohitaji ni protini kidogo ya kuviamsha vijidudu: maganda ya mgunga yaliyookotwa na kusagwa, mashudu ya pamba au alizeti, au jiwe la kulamba la molasi na urea. Hilo la urea linunuliwe limetengenezwa vizuri. Ukichanganya mwenyewe kwa kukadiria, unaua.

Chanzo chenyewe lakini kiko nyuma, masika: eneo hilo halikuliwa nyasi zilipokuwa changa. Eneo linalopumzishwa kupita kiasi nalo huharibika. Themeda triandra, nyasi nyekundu inayopendwa sana na ng'ombe, isipoliwa wala kuchomwa kwa miaka kadhaa hujifunika kwa majani yake makavu, mashina yanakosa mwanga na yanakufa. Wanyamapori nao wamo kwenye hesabu hii. Huko Mpala, kituo cha utafiti Laikipia nchini Kenya, kuna majaribio ya uzio yanayoendelea tangu 1995, na matokeo yaliyotolewa 2011 yalionyesha kwamba punda milia na wanyama wenzake wa porini huwanyang'anya ng'ombe chakula wakati wa kiangazi, lakini wakati wa mvua huwasaidia: wanakula mabua makavu, na ng'ombe anakuta majani mabichi chini yake. Anayewafukuza pundamilia mwaka mzima anajikosesha huduma hiyo.

Ukiona ng'ombe wanatafuna mifupa, ngozi kavu au mawe, hilo ni jambo jingine: fosforasi imepungua. Magadi hayatasaidia, maana karibu yote ni sodiamu. Nunua madini yenye fosforasi, na mizoga ichomwe au ifukiwe upesi, kwa sababu mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu ya botulini. Ng'ombe aliyeipata hulegea miguu, hulala na haamki.

Mvua imenyesha, kijani kila mahali, na ndiyo kwanza wanakufa

Huu ndio wakati unaowachanganya watu. Ng'ombe amemaliza ukame mzima hai, mvua ya kwanza inanyesha, baada ya wiki moja anaanguka. Baridi ya usiku humkuta hana mafuta mwilini, hilo moja. La pili ni kukimbiza kijani. Chipukizi ni maji matupu na fupi mno kwa ulimi wake. Anatembea siku nzima kutoka chipukizi hadi chipukizi, anaacha nyasi kavu alizokuwa akila, anaharisha, na anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza.

Nyasi nazo zinaumia. Chipukizi la kwanza limetoka kwenye akiba iliyohifadhiwa kwenye shina na mizizi. Likiliwa, shina linatoa la pili kwa akiba iliyobaki. Likiliwa tena, mizizi inaanza kufa. Kwa maoni yangu wiki tatu hadi nne za mwanzo wa mvua zinaharibu malisho kuliko miezi yote ya kiangazi, kwa kuwa nyasi iliyokauka na kulala haijali sana ikiliwa, ila iliyo kwenye kukua inajali. Kundi libaki kwenye eneo moja lililokubaliwa, lenye mabua ya zamani au nyasi kavu uliyoweka akiba, mpaka nyasi za kwingine zipande kufika kama kiganja kilichosimamishwa. Eneo hilo moja litaumia. Mwaka ujao libadilishwe.

Ng'oa shina moja uone kwa macho. Shina lililopumzika lina mizizi mingi myeupe, na ukilitikisa udongo unabaki umeshikamana nayo. Lililoliwa mfululizo lina nyuzi chache za kahawia na linatoka kwa vidole viwili.

Eneo moja, mabaka mawili

Hapa pamenyolewa, hatua kumi mbele nyasi zimezeeka na mabua yake. Ng'ombe hurudi alikokula kwa sababu nyasi iliyoota upya ni laini, na iliyoachwa inazidi kuwa ngumu. Kila wiki tofauti inaongezeka. Dawa si uzio wa gharama. Mchungaji mzuri hulipanga kundi liende limetanda mbele yake asubuhi kwenye nyasi ngumu likiwa na njaa, na kulipeleka kwenye tamu mchana. Wengi hufanya kinyume.

Ila usidhani kila baka fupi ni ugonjwa. Pengine ni boma la zamani. Samadi ya miaka mingi huacha udongo wenye rutuba na ukoka ambao haukauki haraka, na swala na ng'ombe wanaupenda. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka Narok, Kenya, ulikuta mabaka ya namna hiyo kwenye maboma ya wafugaji walioishi huko kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita, na bado yanaonekana. Kwa hiyo boma lako usilikalishe mahali pamoja milele huku samadi ikirundikana bila kazi. Baadhi ya ranchi za Laikipia hulaza ng'ombe siku chache chache kwenye zizi la kuhamishika juu ya ardhi iliyoachwa wazi. Kwato zinavunja ukoko wa juu, samadi inabaki, kundi linahama, na mvua ikija nyasi zinaota hapo kwanza.

Vichaka vinaongezeka, nyasi zinakimbia

Wa kwanza kulaumiwa huwa mbuzi. Mara nyingi yeye ndiye dawa. Mlolongo wa kawaida ni huu: ng'ombe wengi kwa muda mrefu wanamaliza nyasi, bila nyasi kavu moto haupiti, bila moto na bila ushindani wa nyasi, miche ya vichaka vya miiba kama kikwata na mtundulu inapona. Mche ukiwa chini ya goti mbuzi wanaweza kuutuliza kwa kuula mara kwa mara. Ukishavuka kichwa cha mtu, ni shoka na panga, na kisiki kichunguliwe maana kinachipua tena. Mbuzi waje baada ya shoka kula machipukizi hayo.

Kwa mgunga na mtundulu, ujue pia mifugo yenyewe inapanda mbegu zake. Inakula maganda, mbegu ngumu zinapita tumboni salama na kuangukia kwenye samadi. Kundi lililoshinda chini ya migunga likahamishiwa malisho safi siku ile ile linapeleka mbegu.

Mathenge, mti wa miiba wa kigeni, ni kisa kikali zaidi cha jambo hilo hilo. Ililetwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Maganda yake ni matamu, sukari inashika kwenye meno ya mbuzi na kuyaozesha, na mbegu zinatapakaa kwa kinyesi. Wailchamus, wafugaji wa huko Baringo, walifungua kesi Nairobi mwaka 2006 na kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Maganda yake yakisagwa kuwa unga mbegu zinakufa na chakula kinabaki, kwa hiyo palipo na mathenge, mashine ya kusaga ina kazi kuliko moto.

Magugu mengine kwa kifupi. Ndulele zikijaa, ni ishara tu kwamba kila kilicho kitamu kimeliwa. Zing'oe, lakini bila kupumzisha eneo zitarudi. Gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, halisubiriwi: ling'olewe kabla ya maua, kwa glavu, kwani linawasha ngozi na kuharibu ladha ya maziwa. Dungusi kakati, inayoitesa Laikipia kwa miiba inayojeruhi midomo na matumbo ya mbuzi na kondoo, usiikate na kuiacha chini, kila kipande kinaota.

Alalili inaisha mapema

Wamaasai wana alalili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha. Wasukuma wana ngitili, malisho ya akiba ya namna hiyo, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulisaidia kuzirudisha kwa eneo kubwa. Ikiwa yako haifiki Septemba, mimi sitaanza kwa kutazama nyasi. Nitauliza nani aliingia wa kwanza. Mara nyingi ni mmoja mwenye jina, aliyeingiza maksai "kwa siku mbili tu", na wengine wakaona ni ujinga kusubiri. Faini ya elfu kumi kwa mwenye ng'ombe 300 ni kama kulipia tiketi. Faini ihesabiwe kwa kichwa cha ng'ombe, na laigwanani, kiongozi wa mila, atoze jamaa zake kwanza.

Kuna pia mgeni kutoka kijiji jirani. Kumfukuza hakufai kwa muda mrefu, kwa sababu mwaka mvua isiponyesha kwako utamhitaji. Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwenye mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, ndiyo OLENGAPA. Sheria ya Nyanda za Malisho ya 2010 ipo, na mipango ya ardhi ya vijiji ipo, ila bila ramani iliyosajiliwa shamba jipya litakuja kukatia katikati na hutakuwa na cha kuonyesha.

Na kama kweli mifugo imezidi?

Basi pima, mwishoni mwa masika, kwenye Juni. Tengeneza fremu ya mita moja kwa moja, itupe bila kuchagua mahali kumi, kata nyasi zote, kausha juani mpaka zivunjike, pima uzito. Wastani wa gramu kwa fremu zidisha kwa 10, hizo ni kilo kwa hekta. Tuseme umepata gramu 150: kilo 1,500 kwa hekta. Nusu ibaki ardhini kulinda udongo na mizizi, kwa hiyo una kilo 750. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, kilo 6 na robo. Siku 120 ni kilo 750. Hekta moja, ng'ombe mmoja, miezi minne. Sasa hesabu hekta ambazo kundi linafika kweli, si zile za kwenye ramani. Ukiwa na ng'ombe 200 na hekta 140 zinazofikika, 60 hawana chakula, na kabla ya kuwauza jiulize kwanza kama maji, ndorobo au saa za kuchunga ndizo zimekunyima hekta nyingine.

Wakibaki wa kuuzwa, uza Juni au Julai wakiwa na nyama. Vuli ya 2021 iliposhindwa, huko Simanjiro na Longido mwanzoni mwa 2022 waliongoja mpaka mwisho walipeleka mnadani mifupa, kama ilifika. Anza na maksai wakubwa, kisha majike ambao hawajashika mimba misimu miwili, kisha wakongwe. Mitamba na majike wanaozaa vizuri wabaki, hata kama ndio wanaopewa bei nzuri siku ile.